Nasikia Kulia

Watu walimwita Masikio, naye aliitika. Si kwamba masikio yake yalikuwa makubwa. Yalikuwa masikio ya kawaida tu, yamelala ubavuni mwa kichwa kama ya mtu yeyote. Jina alilipata kazini. Mafundi wengine ukiwapelekea gari lenye ugonjwa wanaingia chini, wanafungua hiki, wanafungua kile, mpaka gari lako lote limelala kwenye turubai kama nguo za kufua. Masikio hakuwa na fujo hizo. Alikuambia, "Liwashe." Kisha aliinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza anavyosengenywa chumba cha pili, akafumba macho, na hujazima bado alishasema, "Beringi ya pampu ya maji hiyo." Wakafungua, wakakuta ni kweli. Naye akafuta mikono taratibu, maana sifa ni tamu na hakuna aliyewahi kuitema.

Basi mchukue mtu kama huyo, halafu mzibe.

Ilianza kama pamba. Asubuhi moja aliamka akaona dunia imefunikwa blanketi. Akatikisa kichwa, akapiga miayo, akajibana pua akapuliza. Hola. Akajiambia ni mafua. Mafua yasiyo na kamasi! Akachukua njiti ya kiberiti akachokoa. Akatia mafuta ya kupikia ya vuguvugu, akaziba na pamba, akalala. Kesho yake akachokoa tena. Kila akichokoa, dunia inasogea mbali kidogo.

Nyumbani mkewe ndiye aliyekuwa wa kwanza kugundua, maana mke ni mke. Siku moja yuko uani anafua akaita, "Lete ndoo!"

Masikio akatoka ndani, akaja mpaka karaini, akasimama mbele yake mikono mitupu.

"Iko wapi?" mkewe akauliza.

"Nini?"

"Ndoo!"

"Si nimeshakuja? Unaniambia njoo mara ngapi?"

Mkewe aliacha nguo ndani ya povu akamtazama. "Baba watoto, nenda hospitali ukapimwe masikio."

"Mimi? Mimi Masikio nikapange foleni ya kupimwa masikio? Watu wakiniona pale watasemaje? Kesho nani ataniletea gari?"

"Mficha maradhi, kilio kitamuumbua."

"Umesemaje?"

"Nimesema lete ndoo!"

Akaleta. Lakini moyoni palikuwa pameingia kitu kizito. Mtu wa miguu akipoteza mguu anaweza kukaa akashona viatu. Yeye akipoteza masikio atakaa afanye nini? Hakujua kufungua gari lote na kutafuta kwa macho. Hakuwahi kuhitaji. Akaanza kuishi kwa ujanja. Akawa anatazama midomo ya watu. Wakicheka anacheka. Akiulizwa anasema "enhe, enhe" kwa sauti ya mtu anayefikiri sana. Gari likiletwa anamwambia mwenyewe, "Hebu nieleze kwanza wewe unasikia nini, nione kama unalijua gari lako." Mwenye gari anaeleza, Masikio anatikisa kichwa kama mwalimu aliyepewa jibu sahihi. Namna hiyo alijipitisha msimu mzima, na Mungu alimsitiri.

Pembeni ya gereji yake, ng'ambo ya ukuta wa mabati, palikuwa na fundi rangi waliyemwita Brashi, mtu wa mdomo mrefu na nafasi finyu. Milango ya magari aliyoipaka rangi aliianika mpaka juu ya mtaro. Kila akipita kwa Masikio anapima uwanja kwa macho.

"Mzee, ukichoka useme," humwambia. "Nitang'oa haya mabati mchana mmoja tu."

"Nitachoka nikifa."

"Basi ukikaribia, useme."

Na ndipo lilipokuja gari la mkunga.

Mkunga huyu alikuwa bibi aliyestaafu, mwembamba, mgongo wima kama mtu aliyemeza fimbo. Nusu ya mtaa imepita mikononi mwake, na watoto wote wa Masikio walitokea humo humo. Alipostaafu watu walitegemea akae barazani asuke mikeka. Yeye akatoka na gari la spoti. Jekundu, la zamani, milango miwili, limelala chini hivi kwamba ukitaka kuingia lazima kwanza upige magoti kama unaomba radhi. Lilikuwa la marehemu mumewe. Enzi za uhai wake mzee yule alishinda nalo, akalifuta, akalisemesha, mpaka mkunga akalipa jina la Mke Mwenza. "Sasa yeye kaondoka," husema, "mimi nimeachiwa mke mwenza nimlee. Na nitamlea, asije akasema huko aliko kuwa nilikuwa na wivu."

Alisimama mlangoni mwa gereji, akazima, akatoka kwa hatua tatu kama mtu anayetoka kisimani.

"Fundi, Mke Mwenza ananitia aibu. Nikitoka tu getini kwangu, nasikia kulia. Polepole nasikia kulia, mbio nasikia kulia. Nikanyage breki, nisikanyage, kulia vile vile. Njia nzima!"

Masikio alikuwa ameitazama midomo yake kwa makini, na neno alilipata lote, hakuna hata herufi iliyodondoka. Kulia. Akashusha pumzi. Kumbe mama wa watu amemrahisishia kazi.

"Ahaa," akasema, akapiga kofi la upole ubavu wa kulia wa gari. "Kulia."

"Kulia."

"Niachie mama. Kesho."

Akalizungusha barabarani yeye mwenyewe, kwa kutimiza wajibu. Hakusikia kitu. Aliona tu watoto wa njiani wakigeuka kulitazama kabla halijawafikia, akafikiri ni uzuri wake. Akarudi, akalipandisha jeki upande wa kulia, akavua gurudumu la nyuma, akasafisha breki, akatia beringi mpya. Mkunga akaja, akachukua gari lake, akaondoka. Hakufika hata kwenye kona, akageuza.

"Fundi, bado nasikia kulia."

"Basi ni la mbele," Masikio akasema bila kupepesa.

Akafungua la mbele, la kulia hilo hilo. Akabadilisha mipira ya chini, akapaka grisi kila palipopakika. Upande wa kulia wa gari ulikuwa sasa mpya kama wa bwana harusi, na wa kushoto umekaa unatazama kama jirani ambaye hakualikwa. Mkunga akaja, akaondoka, akarudi. Safari hii hata hakutoka ndani. Alishusha kioo tu.

"Kulia," akasema.

Brashi alikuwa amesimama na kopo la rangi mkononi, meno yote nje. Gari lile hata kiziwi angelisikia, ndivyo alivyodhani. "Mzee, hili linaimba mtaa mzima. Mimi huku kwangu nalisikia linapita, na kompresa inanguruma! Umelikosaje wewe?"

"Sijalikosa."

"Au Masikio siku hizi ni jina tu?"

Alitania. Lakini neno lilipita kwenye pamba yote ile na mafuta yote yale, likaingia moja kwa moja. Masikio akakaa juu ya tairi kuukuu. Akaitazama gereji: ukutani spana zake zimechorewa kivuli cha rangi, kila moja na mahali pake; benchi lililobonyea pale alipozoea kuegemea kiwiko; geti la mabati alilolichomelea mwenyewe akiwa kijana na kiuno.

"Sikia wewe," akamwambia Brashi. "Mlio huu ukinishinda, chukua geti. Ng'oa mabati yako. Mimi nitakwenda kukaa."

Brashi akaacha kucheka. Akatazama chini, akaona viatu vyake vina rangi, akaanza kuvishughulikia. Mtu anapenda nafasi, lakini hapendi kupewa namna ile.

Asubuhi Masikio akamwomba mkunga wapande wote. Yeye aendeshe, mama akae pembeni, amwonyeshe. Wakaenda. Barabara ilikuwa nyeupe na tulivu, na mkunga akawa anagonga dashibodi kwa kidole kila mlio ukija.

"Huo! Huo! Huo tena. Umeusikia?"

"Nausikia mama."

"Na huo?"

"Naam, huo nao."

Mkunga akaacha kugonga. Akamtazama mwanamume huyu kwa pembe ya jicho. Mtu aliyefanya kazi maisha yake yote na watu wanaosema hawaumwi huku wanauma mto, hadanganywi kirahisi. Akageuza uso upande wa dirisha, Masikio asiione midomo yake, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Fundi, suruali yako inawaka moto."

"Naam mama, nausikia. Uko pale pale."

"Na mkeo ameolewa asubuhi na Brashi."

"Nimekuelewa. Nitalishughulikia, usiwe na wasiwasi."

Mkunga akamshika bega. "Simama."

Akasimama kando ya barabara, karibu na nguzo ya umeme. Mkunga akamgeuza uso kwa mkono, kama anavyogeuzwa mtoto anayekataa dawa.

"Wewe husikii."

"Nasikia mama, mlio uko ku..."

"Uko wapi?"

"Kulia. Si ulisema mwenyewe?"

"Mimi?"

"Ulisema unasikia kulia. Siku ya kwanza, ya pili, mpaka jana. Kulia, kulia. Mimi nimefungua kulia kote, mama, sina kulia nyingine ya kufungua."

Mabega ya mkunga yakaanza kutikisika. Akacheka mpaka akashika mkanda wa kiti.

"Wewe mtu! Nilisema nasikia kulia, kulia kwa machozi! Kama kichanga! Waaa, waaa! Nani amekuambia mkono wa kulia? Gari linalia, fundi. Linalia katikati, hapa chini ya makalio yangu, tangu siku ya kwanza!"

Masikio hakucheka. Alishika usukani kwa mikono yote miwili na kutazama mbele, na pale, kando ya nguzo ya umeme, ukweli ukamtoka kama maji kwenye rejeta mbovu. Akamwambia kila kitu. Pamba, njiti, mafuta, midomo ya watu, ndoo, geti na Brashi.

"Nimekwisha, mama," akasema. "Fundi asiyesikia ni mtu wa kushika tochi tu."

"Njiti gani?"

"Ya kiberiti."

"Unaingiza upande gani, wenye kichwa au usio na kichwa?"

Akafikiri. "Wowote unaotangulia."

"Washa gari," mkunga akasema. "Nyumbani kwangu."

Sebule ya mkunga ilikuwa safi hivi kwamba Masikio aliogopa kuvua viatu, maana soksi zilikuwa mbaya kuliko viatu. Akakalishwa kwenye kigoda jikoni, taulo shingoni, bakuli chini ya shavu akalishika mwenyewe. Mkunga akavaa miwani, akawasha tochi, akachungulia sikio la kushoto. Akahamia la pili. Akazima tochi.

"Humu ndani kuna gereji ya pili," akasema. "Nta hii ungeweza kuuza mishumaa. Na mafuta yako yameilainisha vizuri. Kitu kimoja cha maana ulichofanya, na ulikifanya kwa ujinga."

Masikio aliona midomo ikitembea, akapata nusu. "Ni ugonjwa, mama?"

"Ni uchafu!" akampigia kelele. "Tulia!"

Akachukua bomba la sindano lisilo na sindano, akavuta maji ya vuguvugu, akalivuta sikio juu na nyuma, akasukuma taratibu. Masikio alikunja vidole vya miguu. Maji yakatoka meupe. Akasukuma tena. Yakatoka ya njano. Akasukuma tena, Masikio akihisi kama kuna mtu anahamisha kabati ndani ya kichwa chake, na ghafla, po! Kitu kikaanguka ndani ya bakuli. Donge jeusi, na ndani yake, kama mbegu ndani ya tunda, kichwa cha njiti ya kiberiti.

Na dunia ikarudi.

Ilirudi yote kwa pamoja, kama watu wanaosukumana mlangoni. Bomba la sinki linadondosha. Jokofu linanguruma. Saa ya ukutani inatembea, tena inachechemea kidogo, jino moja limelika. Mtu nyumba ya pili anafagia. Ndala za mkunga, chwap, chwap, zinazunguka kigoda kwenda upande wa kushoto nao ukaoshwe.

"Lililoziba zaidi lilikuwa hilo nililoanza nalo," mkunga akasema kwa sauti ya kawaida. "La kulia."

"Nilikuambia, mama," Masikio akajibu, "shida iko kulia." Akataka kucheka, lakini kicheko kikakwama njiani na kutoka kikiwa kitu kingine. Mabega yakamtikisika, taulo ikamdondoka. Mzee mzima na bakuli lake.

Mkunga akaendelea kuvuta maji, hakumtazama. "Nasikia kulia," akasema. "Na safari hii si gari. Haya, geuka, bado moja."

Waliporudi gereji, Masikio aliendesha polepole makusudi. Mlio aliusikia toka getini kwa mkunga. Chwi, chwi, chwi, mwembamba, wa aibu, kama panya aliyevaa viatu vipya. Kwake ulikuwa mtamu kuliko taarabu. Akakanyaga klachi: unaendelea. Si injini basi, wala klachi. Akatoa gia, gari likateleza lenyewe: unaendelea. Akapunguza mwendo, nao ukapunguza. Akakanyaga breki kidogo: haujali. Ni kitu kinachokwenda na mwendo wa gari. Hapo sasa alikuwa nyumbani.

"Brashi!" akaita kabla hajazima. "Njoo usukume!"

"Umeshindwa?"

"Njoo usukume, nakuambia. Mama, kaa kwenye usukani, gia usiweke."

Brashi akasukuma kwa nyuma, na Masikio akatembea kando ya gurudumu, ameinama, kidole kikifuata kifuniko kidogo cha kujazia upepo. Kifuniko kikaanza chini, kikapanda, kikafika juu, kikashuka. Kabla hakijarudi chini, mlio ulishakuja na kurudi na kuja tena.

"Hesabu, mama!"

Mkunga, ambaye alihesabu mapigo ya mioyo ya watoto ambao hawajazaliwa, alishaanza. "Gurudumu likizunguka mara moja, vilio vinne. Au karibu na hapo. Moyo wenyewe hauna mpangilio mzuri."

"Basi si gurudumu," Masikio akasema, akanyooka, na uso wake ulikuwa wa zamani. "Gurudumu lingelia mara moja na kunyamaza. Chini ya gari hili kuna kitu kimoja tu kinachozunguka upesi kuliko gurudumu: propela. Na mama ameniambia leo asubuhi, katikati, chini ya makalio."

"Yangu," mkunga akasema kwa fahari.

Akaingia chini na tochi. Propela ni lile bomba refu linalotoa nguvu kwenye gia na kuipeleka nyuma, na kila mwisho wake una msalaba wa chuma unaoliwezesha kupindapinda. Wa nyuma ulikuwa mzima, umelowa grisi. Wa mbele, uliojificha nyuma ya gia, ulikuwa mkavu kama koo la mtu aliyefunga saumu, na pembeni yake pametapakaa vumbi jekundu la kutu, laini kama pilipili ya kusaga. Akatafuta kitundu cha kupitishia grisi. Akakitafuta tena. Hakipo. Akasugua kwa kidole, kucha ikatoa ganda jeusi.

"Brashi."

"Naam."

"Nani alipaka rangi nyeusi chini ya gari hili?"

Sauti ndogo ikajibu, "Mama alisema niipake, lisishike kutu."

"Umepaka mpaka kitundu cha grisi, bwana! Umeliziba mdomo, ndiyo maana linalia!"

"Mimi nilijua ni bolti!"

Masikio akapapasa mfuko wa shati, akatoa njiti ya kiberiti. Mkono mwembamba ukapenya chini ya gari, ukampiga kofi la vidole.

"Njiti tena?" mkunga akasema. Akachomoa pini ya nywele, akampa.

Kwa pini hiyo rangi ikatoka. Akaleta bomba la grisi, akasukuma. Mwanzo ikagoma. Kisha ikatoka nyekundu, chafu, kama iliyotoka kwenye shimo la kutu. Akasukuma mpaka ikatoka safi. Akazungusha propela kwa mkono, akanyamaza, akasikiliza. Hakuna. Akasukuma gari lote, nenda, rudi. Hakuna ila mawe madogo yanayosagika chini ya tairi, na yale nayo aliyasikia moja moja.

"Msalaba huu umeteseka," alisema akitoka chini. "Nitaagiza mpya, nitauweka. Lakini leo nenda nao nyumbani. Umenyamaza."

Mkunga akapiga magoti kuingia, akawasha, akatoka getini. Akafika kwenye kona. Mafundi wote wawili wakasubiri. Hakugeuza. Akapiga honi tu, ndefu, akapotea.

Brashi alisimama akikuna kichwa kwa mpini wa brashi. "Sasa kuhusu lile geti, mzee..."

"Lipake rangi," Masikio akasema. "Limechakaa. Na usizibe tundu la kufuli."

Jioni Masikio alikaa sebuleni bila neno, miguu juu ya kiti, kama mtu asiyekuwa na habari yoyote. Mkewe alikuwa jikoni, amezoea sasa kusema peke yake, maana nyumba ilikuwa na kiziwi na kiziwi hana hasara. Alikuwa anakata vitunguu na kunong'ona.

"Limekaa. Linasubiri chakula. Limenyamaza kama gunia. Laiti ningemsikiliza mama yangu, ningeolewa na yule fundi saa."

"Yule saa zake zote zilikuwa zinachelewa!" Masikio akajibu kutoka sebuleni.

Kisu kikaanguka. Akakisikia kinavyoruka mara mbili sakafuni, cha pili chepesi zaidi. Kisha ndala, haraka haraka, na mkewe mlangoni, mikono ina vitunguu, macho yanamtoka machozi, na usimwulize kama ni ya vitunguu.

"Umesikia?"

"Tena sana. Na hiyo sufuria yako inaungua, naisikia kutoka hapa."

Mkewe alitazama nyuma, akamtazama yeye, asijue akimbilie kipi. Halafu akaegemea mlango, akanong'ona kwa sauti ndogo kuliko zote alizokuwa nazo:

"Lete ndoo."

Masikio akasimama, akaenda uani, akaleta ndoo.